IST iliyochemsha Nyang'oro

Simu iliingia saa saba mchana, Jumamosi moja ya Agosti. "Kaka, shikamoo. Taa nyekundu imewaka, gari linatoa moshi mbele, na tupo katikati ya mlima."

Mlima wenyewe ni Nyang'oro, barabara ya Dodoma kwenda Iringa. Anayeipita njia ile anaijua tabia yake: unashuka taratibu mpaka bwawa la Mtera, joto linakupiga usoni, unanunua samaki, halafu kila mita uliyoshuka unaanza kuilipa, tena kwa riba, maana Iringa mjini iko juu kuliko Dodoma. Gari dogo lenye watu watano na AC imefunguliwa, likipanda pale jua la utosini, linapewa mtihani ambao safari za mjini haziwezi kuutoa.

Mimi nilikuwa nimekaa kivulini, sahani ya ugali mbele yangu. Nikajibu bila kusita: "Hiyo itakuwa feni."

Sikuwa nimeuliza swali hata moja.

Aliyepiga ni dada tunayefahamiana, mtumishi wa serikali kule Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma. Gari lake ni Toyota IST, injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,496, gia otomatiki, alilinunua Januari kwa mtu wa Dar es Salaam. Siku hiyo alikuwa anampeleka mama mkwe kwenye sherehe Iringa, na watoto nyuma. Utingo wa lori lililosimama kuwasaidia alitaka kufungua kifuniko cha rejeta, pale maji ya injini yanapopoozwa, palepale kwa kitambaa. Mama mkwe ndiye aliyemzuia: "Mwanangu, hata chungu cha maharage hukifunui kikiwa kinaruka." Bibi huyo hajawahi kushika spana, lakini aliuokoa uso wa kijana wa watu. Wakakaa karibu saa nzima pembeni, boneti wazi, samaki wa Mtera wakianza kunuka kwenye buti, ndipo wakafungua na kumimina maji ya kunywa, chupa tatu za lita moja na nusu. Wakapanda polepole AC ikiwa imezimwa, wakafika.

Jumatatu, kwa ushauri wangu, akaenda kwa fundi umeme akabadilishiwa mota ya feni. Shilingi 60,000 na ufundi juu. Wiki mbili baadaye akaenda Iringa tena. Likachemsha palepale.

Hapo ndipo nikaona aibu, nikamwomba alilete gari nyumbani Ilazo Jumamosi asubuhi, likiwa limelala, lisiwashwe kabisa kabla sijalishika. Kwa hiyo wenzangu wawili tunaopenda kuchokonoa magari wakalisukuma kutoka kwa jirani alikolilaza, kama watu wanaoiba.

Safari hii tulianza na maswali, na majibu yake nayaandika kama alivyoyatoa, kwa sababu karibu kila kitu kilikuwa humo.

Linachemsha wapi? Mlimani tu. Mjini halijawahi tangu Machi. Foleni je, ya jioni kutoka Mtumba? Hapana, kwenye foleni liko safi.

Jibu hilo peke yake lilitosha kuniumbua. Feni kazi yake ni kuipuliza rejeta, na inahitajika gari likiwa limesimama au likitambaa, maana upepo haupo. Ukiwa unatembea kilomita 60 au 80 kwa saa, upepo wa barabarani unaifanya kazi hiyo wenyewe. Gari lenye feni mbovu huchemsha kwenye foleni, likitoka likapata mwendo linapoa. La kwake lilikuwa kinyume kabisa. Ningeuliza swali hilo moja kwenye simu, 60,000 yake ingebaki mfukoni.

Machi kulitokea nini? Lilichemsha mara ya kwanza, njiani kurudi kutoka Kibaigwa. Gereji moja hapa mjini wakalitazama, wakamwambia limepona. Walifanya nini? "Walitoa kitu fulani, wakasema huku kwetu joto, hakihitajiki."

Nikawatazama wenzangu. Kila mpenda magari Tanzania anakijua "kitu fulani" hicho. Ni temosteti, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.

Anaongeza maji? Ndiyo, kila baada ya siku tatu nne, kwenye kile kitanki cha pembeni, na akiona mapovu anafungua na rejeta. Maji gani? Ya bomba. Kuna dimbwi chini asubuhi? Hakuna hata tone.

Gereji ya pili, Julai, walisikia "linakula maji na halivuji" wakasema moja kwa moja gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha maji na moto wa silinda, imeungua, 650,000. Hakuwa na hela hiyo, akaendelea kumimina maji. Umaskini wakati mwingine unaokoa injini.

Kisha akasema jambo alilodhani halihusiani. Gari limeanza kunywa mafuta sana. Asubuhi gia ya mwisho inachelewa kuingia, injini inaunguruma. Na ile taa ya bluu ya AC inawaka muda mrefu.

Taa ya bluu ya AC?

IST ile haina mshale wa joto kwenye dashibodi. Ina taa mbili tu zenye alama ya kipimajoto kilichozama majini: nyekundu, injini imepata moto kupita kiasi, bluu, injini bado ni ya baridi. Yeye aliona bluu akadhani ni hewa baridi. Inazimika wapi asubuhi? "Nikishapita Ihumwa. Siku za baridi kali, nafika nayo Mtumba."

Kutoka Ilazo mpaka huko ni zaidi ya kilomita kumi na kitu. Injini yenye temosteti nzima huizima taa hiyo ndani ya dakika chache, hata asubuhi ya Julai ambapo Dodoma watu wanavaa makoti. Hii ilikuwa inatembea mbichi nusu saa nzima. Kompyuta ya gari ikisoma injini ya baridi inaongeza mafuta, na gia otomatiki inazuiwa kufunga gia ya juu mpaka maji yapate moto. Wese lake lote lilikuwa linaishia hapo. Gari lililoletwa kwa kosa la kuchemsha lilikuwa, siku sita kwa wiki, linaumwa baridi.

Tukafungua boneti. Kitanki cha akiba kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni, juu kabisa ya mstari. Tukafungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi kama jiwe: maji hayaonekani. Ilitubidi tumimine lita moja na zaidi kidogo ndipo yakafika shingoni. Kwenye shingo yenyewe, nje, kulikuwa na ukoko mweupe umeganda kwa duara, kama ule wa ndani ya birika la umeme la nyumba yoyote ya Dodoma inayotumia maji ya kisima.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kitanki kikijaa huku rejeta haina kitu, kinachotuhumiwa kwanza ni kifuniko. Watu wanakichukulia kama kizibo cha chupa. Kile ni vali. Injini ikipata moto maji yanatanuka. Kifuniko kinayabana mpaka presha ifike kiwango kilichoandikwa juu yake, kwa mfano 0.9 au 1.1, ndipo kinaruhusu kidogo yatoke kwenda kitanki. Injini ikipoa, maji yananywea, na kifuniko kinatakiwa kuruhusu yaleyale yanyonywe kurudi. Cha dada yule mpira wa chini ulikuwa mgumu kama plastiki, umejaa vishimo vya ukoko, haubani kitu. Mpira wa juu ulikuwa na ufa; ukiukunja kwa kidole gumba ulifunguka kama mdomo. Kwa hiyo likipata moto maji yanakimbia mapema kwenda kitanki, likipoa linavuta hewa kwenye ule ufa badala ya kuvuta maji. Kila siku kidogo. Kitanki kikizidi kinamwaga barabarani gari likiwa linatembea, maji yanakauka kwenye lami, na asubuhi chini ya gari ni pakavu. Hapo ndipo "linakula maji na halivuji" inapotoka.

Na kwa Dodoma kosa hilo ni kubwa kuliko Dar. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,100 na ushee, na huku maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto karibu 96, si 100. Iringa ni karibu 95. Kifuniko kizima cha 0.9 kinaipandisha namba hiyo mpaka kama 116, nafasi ya kutosha kabisa. Kifuniko kibovu kinakurudisha 96. Sasa, tulipopima baadaye, feni ya gari hili ilikuwa inawaka kwenye 95. Yaani kati ya feni kuitwa kazini na maji kuanza kuruka kulikuwa na nyuzi moja tu.

Pamoja na hayo, hatukuiacha tuhuma ya gasketi hivihivi. Gereji ile ingeweza kuwa sahihi kwa bahati, na gari likichemsha mara tatu linaweza kabisa kuunguza gasketi hata kama haikuwa chanzo. Mwenzetu alikuja na kile kichupa cha kupimia: unakiweka kwenye shingo ya rejeta injini ikiwaka, unavuta hewa ya juu ya maji ipite kwenye dawa ya rangi ya bluu. Ikiwa moshi wa silinda unaingia kwenye maji, dawa inageuka njano. Tulivuta dakika kumi. Ikabaki bluu. Oili ilikuwa safi, haina rangi ya chai ya maziwa. Mipira ya maji ya rejeta haikujaa upepo ikawa migumu mara tu baada ya kuwasha. Mapovu yaliyotoka mwanzoni yalikuwa ya hewa iliyokuwa imenaswa, yakaisha. Gasketi tukaiacha, na ile 650,000 tukaifuta.

Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kilitusumbua kuunganika kama kawaida yake kwenye magari ya Japani ya miaka ile, lakini kilipokubali tukapata namba za kweli za joto la maji badala ya taa mbili. Tukaenda nalo mpaka Nanenane na kurudi. Barabarani: 57, 59, 56. Liliposimama kwenye jua likapanda polepole, 80, 90, kwenye 95 feni ikawaka, ikashuka. Feni haikuwa na neno, na nina hakika hata ile ya zamani haikuwa nalo.

Basi kwa nini mlimani? Kifuniko kinaeleza kwa nini maji yanaisha na kwa nini yanaruka mapema. Hakielezi kwa nini injini inayotembea kwenye 57 mjini inafika 96 Nyang'oro. Mwenzangu mmoja alitaka tuweke kifuniko kipya tumalize. Tulibishana. Nilishamgharimu mtu mara moja kwa kubahatisha, nikakataa.

Tulifungua feni na kava lake, tukawasha injini dakika chache, tukapima uso wa rejeta kwa kipimajoto cha mwanga, kile cha bastola. Angalizo kwa mwenye nacho: alumini inayong'aa hukidanganya, kinasoma chini ya joto halisi. Usiamini namba yenyewe, linganisha sehemu na sehemu. Rejeta nzima inatakiwa ikusomee namba zinazokaribiana. Hii ilisoma 78, 80, 77 upande wa dereva, halafu kuanzia katikati kwenda upande wa abiria ikaanguka: 60, 49, 46. Karibu theluthi ya rejeta ilikuwa mapambo. Maji hayapiti.

Miezi mitano ya maji ya bomba kila siku tatu. Maji magumu ukiyajaza mara moja yanaacha ukoko wake, yanaisha nguvu. Lakini ukiwa unapoteza na kujaza, kila ujazo unakuja na chumvi mpya, na inaganda kwenye vile vimirija vyembamba vya rejeta. Kifuniko cha bei ya chakula cha mchana ndicho kilichoila rejeta.

Mwisho tukafungua nyumba ya temosteti. Tupu, kama tulivyotarajia. Lakini tazameni ilivyokaa. Kwenye 1NZ temosteti iko upande maji yanapoingilia kwenye injini, na ina kazi ya pili ambayo mafundi wengi hawaisemi: ikifunguka kwa moto, inaufunga ule mlango wa njia ya mkato ambao maji hutumia kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, mlango huo unabaki wazi siku zote. Mjini hutaona tofauti, utaona ubaridi tu. Mlimani, injini ikitoa joto lake lote, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kupoozwa, wakati zile zinazokwenda rejeta zinakuta theluthi imeziba, na kifuniko hakiwezi kushika presha. Mambo matatu, na mlimani yakakutana.

Kinachoniudhi katika kisa hiki ni kwamba kung'oa temosteti kulificha ugonjwa. Lingebaki nayo, kifuniko kile kingeendelea kulichemsha hata mjini, na mtu angelazimika kukitafuta ndani ya wiki. Badala yake gari likapoa bandia, likaacha kulalamika, likaendelea kuoza kimyakimya hadi Agosti. Fundi yule hakuwa tapeli. Kwenye magari ya zamani, na kwa mtu anayetaka gari liondoke leo, dawa hiyo imeonekana "inafanya kazi" mara elfu. Mteja harudi, fundi analipwa. Anayerudi kulalamika kuhusu taa ya bluu hayupo.

Matengenezo hayakuwa na mbwembwe. Temosteti mpya ya nyuzi 82 na pete yake ya mpira, kifuniko kipya chenye namba ileile. Rejeta tulijaribu kwanza kuisafisha kwa dawa ya dukani, tukazungusha, tukamwaga maji ya rangi ya uji wa ulezi, tukapima tena: 46 ikawa 52. Haikutosha. Kuna waliotushauri tuipeleke ikachemshwe kwa kostiki kama rejeta za zamani za shaba. Hizi za kisasa ni alumini yenye vichwa vya plastiki, na kostiki inaila alumini. Akanunua nyingine mpya isiyo ya kampuni, 170,000. Iliuma, lakini si kama 650,000.

Kulanti, yaani maji ya kupozea yenye dawa, tuliweka ile iliyochanganywa tayari, haijafika lita 5 mfumo mzima. Ukinunua ile nzito ya kuchanganya, tumia maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, na soma lebo mara mbili, maana dukani maji hayo na asidi ya betri hukaa rafu moja na chupa zinafanana kama mapacha.

Hewa tuliitoa kwa subira: mbele ya gari juu ya mawe, hita kwenye moto wa mwisho, kifuniko wazi, injini ikiwaka taratibu huku mmoja akiuminya mpira wa maji wa juu wa rejeta kwa kiganja, blub, blub, kila mminyo maji yakishuka kidogo, tukijaza, mpaka temosteti ikafunguka na mpira wa chini ukapata moto ghafla mkononi. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa sana, halafu mtu anarudi kesho kwa povu la hewa lililobaki kichwani mwa injini na kulaumu vipuri.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikwenda naye mpaka Iringa, nikiwa nimekaa kwa abiria na kifaa mapajani. Mtera, 88. Mwanzo wa mlima, 90. Katikati, nyuma ya lori la mbao lililokuwa linatambaa, AC ikiwaka kwa makusudi, 94, 96, 98. Nikaona amekaza mikono kwenye usukani. Tukalipita lori, upepo ukaingia, 95, 91. Pale liliposimama mara ya kwanza alinionyesha kwa kidevu bila kusema neno, na hatukusimama.

Mota ya feni ya zamani ilikuwa bado kwenye mfuko nyuma ya kiti. Niliiunganisha kwenye betri nyumbani, ikazunguka vizuri kabisa. Nilimrudishia 60,000 yake, akakataa, nikaingiza kwenye simu yake kwa nguvu.

Jumatano ikaja simu nyingine, saa moja na nusu asubuhi, sauti ya wasiwasi. "Kaka, samahani kukusumbua asubuhi hii. Ile taa ya bluu nayo imekufa. Sijafika hata lami, imezimika."